Mwaka Tuliosubiri Kibali cha Kujenga

Nilipoolewa, nyumba niliyoahidiwa ilikuwa bado mianzi iliyolala chini. Mume wangu alikuwa ameikata mwenyewe na kuifunga mafungu, lakini kujenga hakuweza. Wadachi walikuwa wamefungua barabara kutoka ziwani kupanda hadi boma lao milimani, na kijiji chetu, upande wa Ipyana, kiliangukia kandokando yake. Amri ikatoka kwamba asijenge mtu karibu na barabara mpaka watu wa boma wapime na kukubali. Walisema nyumba za nyasi zikisongamana, moto wa mmoja huwa moto wa wote. Hilo hatukulibishia. Tulichokilalamikia ni kusubiri.

Mume wangu alipanda mlima kwenda kuomba, akaambiwa bwana mkubwa wa boma ameshuka ziwani. Akapanda tena, akaambiwa arudi nyumbani angoje askari wa kupima. Askari hakuja. Bunguo, wale wadudu wa kutoboa miti, wakaanza kula mianzi yetu, na asubuhi tulikuta unga mweupe chini ya mafungu.

Wakati huo tuliishi kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu. Yeye alinipenda, sina la kusema. Shida ilikuwa baba mkwe. Kwa mila zetu Wanyakyusa, mke hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, wala hakutani naye njiani. Nami niliishi hatua chache tu kutoka mlangoni pake! Nikisikia kikohozi chake, naacha jungu motoni na kukimbilia migombani. Maharage yaliungua mara nyingi, mume wangu akayala bila kuuliza.

Siku moja askari akafika kwa jirani yetu. Nilikuwa napepeta maharage, nikamtazama. Alivuta kamba kutoka barabarani, akavuta nyingine hadi nyumba ya pili, akapigilia kigingi. Kisha akafunga kamba zake, akarudi mlimani kupeleka habari. Jirani alingoja jibu hadi mwezi ukaandama. Jibu lilipokuja, ndipo askari akatumwa kwa mtu wa pili, naye akaanza upya.

Jioni nikamwambia mama mkwe, "Mama, hivi sote tungekata kamba za urefu uleule na kupigilia vigingi wenyewe, yule bwana mkubwa asingeshuka mara moja tu akaviona vyote?"

Akaacha kumenya ndizi. "Kamwambie mumeo."

"Mume wangu atasikilizwa na nani bomani? Wa kusikilizwa ni jumbe, na jumbe ni baba mkwe."

Akacheka hadi akashika mbavu. Baba mkwe ndiye aliyekuwa jumbe wa kijiji, mtu pekee ambaye neno lake lingefika bomani upesi, na mimi ndimi nisiyeweza kumwambia.

Alipokuja kula, nilijibanza ndani, nyuma ya ukuta wa mianzi. Mama mkwe akamweleza yote. Mzee akaweka tonge chini.

"Maneno haya ni ya nani?"

"Ni ya nyumba hii."

"Nyumba hii ninaijua. Haijawahi kusema hivyo." Kisha akapaza sauti, bado amemwelekea mkewe. "Iambie nyumba hii kwamba imesema vizuri. Ndaga."

Huko nyuma ya ukuta, kusikia asante ile, nilijiziba mdomo kwa kanga.

Kesho yake aliwaita wote waliotaka kujenga. Wakapima kwa kamba, wakapigilia vigingi, na palipozuka ugomvi wa mpaka aliumaliza hapohapo. Halafu akapanda mlimani mwenyewe. Alirudi na bwana mkubwa amepanda nyumbu, mwana wa punda na farasi, na askari nyuma yake amebeba ndoo ya chokaa. Mdachi yule alipita kigingi hadi kigingi akipima kwa hatua zake ndefu. Kilichomridhisha kilipakwa chokaa, na mwenye kiwanja akawa na ruhusa. Vichache vilisogezwa. Jua halijawa kali, kijiji kizima kilikuwa kimemaliza. Kabla hajaondoka alimwambia jumbe kwamba tangu siku hiyo apime yeye, boma lipewe habari tu.

Kigingi chetu kilipata chokaa, lakini mume wangu alirudi kichwa chini.

"Kiko kando ya njia ya ng'ombe wa baba," alisema. "Asubuhi na jioni atapita mlangoni kwako."

Usiku ule sikula. Nilijiona nikikimbilia migombani maisha yangu yote.

Asubuhi tulisikia panga likifyeka matete ng'ambo ya kijito. Mume wangu akaenda kutazama. Alimkuta baba yake ametota umande hadi mapajani, anafungua njia mpya ya ng'ombe wake, inayozunguka mbali na kiwanja chetu.

"Huku majani ni mazuri zaidi," mzee alimwambia, akaendelea kufyeka.

Majani ya huko yalikuwa makavu kuliko popote, kila mtu alijua.

Mianzi iliyoliwa tuliitupa, tukakata mingine. Rika la mume wangu likaja kusimamisha kuta, na mama mkwe na mimi tukazikandika udongo. Juu ya mlango mama mkwe alichora mistari ya udongo mweupe kwa vidole vyake, akasimama mbali akaitazama, akarudi akaongeza mmoja. Mvua ya kwanza iliponyesha nilikuwa nimeketi kizingitini mwangu, miguu nimeinyoosha, ndizi zikichemka polepole nyuma yangu.