Vioo vya Wankyo Juu ya Bati Langu

Wankyo ni binti wa mwanangu Pastory. Kazaliwa hapahapa Bugwema, na herufi nimemfundisha mimi, mimi niliyemaliza darasa la saba nikiwa wa pili shule nzima. Sasa yuko chuo kikuu, anatengeneza vioo vya umeme wa jua. Vioo vya aina hiyo, vingine vina sumu ndani. Yeye anakipaka kioo utando wa shaba, zinki, bati na salfa, vitu visivyo ghali, utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu.

Mwaka jana alikuja na vioo sita. Alitaka vikae juu ya paa langu mwaka mzima, vipigwe jua na mvua, aone kama vitadumu. Bila hivyo masomo yake yangekwama. Lakini maji ya paa hilo ndiyo tunakunywaga, mimi na jirani yangu Machage na mji wake wote. Nikamwita Machage.

Akavigeuzageuza, akavinusa. "Havina sumu?"

"Zile ninazozijua sijaziweka, babu."

Kwetu aliyepika togwa huonja kwanza mbele ya wageni. Machage akaloweka kipande kilichovunjika kwenye bakuli la maji. Tukanywa chai, tukaongea pamba ya Bunda, kisha akamsogezea Wankyo bakuli.

"Haya, mke wangu. Onja."

Nilishajiandaa kujivuna. Wankyo akalisukuma pembeni. "Sinywi."

"Mpishi anaogopa chungu chake."

"Nikinywa nikabaki mzima leo, utakuwa umejua nini? Kuna sumu inakaa mwilini miaka ndiyo inajitokeza. Maji nitayapeleka Musoma yapimwe. Mpaka majibu yaje, upande wenye vioo tutoe mfereji, maji yamwagike chini."

Niliona aibu, nasema kweli. Machage akalivuta bakuli kwake.

"Yule mtu aliyetuletea dawa ya wadudu wa pamba alichovya kidole, akakiramba mbele yetu," akasema. "Tukapuliza vifua wazi."

Nakumbuka. Wa kwanza kumpigia makofi nilikuwa mimi.

Machage akaenda kumwaga bakuli chooni, akarudi. "Ngazi ya bibi yako fupi. Kachukue yangu."

Tukakinga maji upande mmoja tu, tangi halikujaa. Majibu ya Musoma yalikuja mazuri, Wankyo akasema yapimwe tena kabla ya kurudisha mfereji. Mwezi wa nane nilikuwa nachota kisimani kama msichana, na aliyeniuliza nilimjibu kuwa vioo vya mjukuu wangu viko kazini.