Trauti wa Bwana Walivyougua Mara Mbili kwa Wakati Mmoja

Miaka ya hamsini nilikuwa mpishi kwenye shamba la mzungu mmoja huko Kabazi. Bwana huyo alikuwa na ng'ombe wazuri, pareto nzuri, na hakika kwamba Mungu alisahau kitu kimoja tu pale: samaki wa Ulaya wanaoitwa trauti. Akachimba bwawa, akaleta vifaranga kwa lori, akawapenda kuliko sisi sote tuliomfanyia kazi. Trauti walilishwa maini. Sisi tulipewa posho ya unga.

Mwaka wa pili wakaanza kufa. Nilitumwa kumtoa mmoja kwa wavu. Ubavuni alikuwa na ukungu mweupe kama pamba, na kando yake chawa bapa wameng'ang'ania ngozi. Mimi nimekulia kando ya ziwa; samaki mgonjwa namjua.

"Bwana, huyu ana magonjwa mawili."

"Mpishi," akanijibu kwa upole, kama anayezungumza na sufuria, "samaki hufa kwa ugonjwa mmoja."

Akaitwa daktari wa ng'ombe kutoka Nakuru. Yeye aliona ukungu tu. Akamwaga dawa ya kijani, bwawa likapendeza sana. Ukungu ulipungua wiki moja, kisha chawa, ambao hakuna aliyewauliza maoni, wakatoboa vidonda vipya na ukungu ukaingia humo humo.

Akaja jirani, kapteni mstaafu, bingwa wa kila jambo. Yeye aliona chawa tu. Dawa yake iliwaua kweli, lakini trauti waliokwisha kuoza ubavuni waliendelea kuelea matumbo juu. Baada ya siku chache mayai ya chawa nayo yakaanguliwa. Mabingwa wawili wakaketi verandani kubishana nani amefaulu, nami nikiwamiminia chai.

Walipoondoka, nilimkuta bwana amechuchumaa bwawani, macho mekundu. Nikamwonea huruma, jambo lililonishangaza.

"Wewe ungefanya nini?" akauliza.

"Ningetibu yote mawili pamoja, bwana."

Tukawachovya waliobaki kwenye pipa la maji ya chumvi, mmoja mmoja, tukawabandua chawa kwa vidole, tukawahamishia kwenye mfereji wa maji yanayotiririka. Walipona kumi na tisa.

Krismasi, bwana aliwasimulia wageni jinsi alivyogundua siri hiyo peke yake.

"Au sivyo, mpishi?"

"Ndivyo, bwana," nikasema, nikawaongezea nyama ya kondoo. Wale trauti kumi na tisa hakuna aliyethubutu kuwagusa.