Mama Kitunguu na Blenda ya Wifi Yake

Jikoni kwa Mama Kitunguu, kabla hajapewa jina hilo, kulikuwa na vinu viwili vya mti. Kikubwa kilikuwa cha vitunguu saumu, kimekolea weusi kwa ndani, na kilikaa chini karibu na jiko. Kidogo kilikuwa cha iliki. Hicho kilikaa juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa, wala hakikuguswa na mtu ila mwenyewe. Mti hunywa harufu. Ukishatwanga saumu ndani ya kinu, hata ukikisugua kwa majivu na ndimu, hata ukikianika juani mpaka kipasuke, saumu haitoki.

Siku wazazi wa kijana walipokuja kumposa binti yake, wifi yake alijitia kusaidia. Huyu alikuwa dada wa mumewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Mwenye jiko alipotoka kuchota maji, wifi alipanda kwenye stuli, akashusha kinu kidogo, akatwanga saumu za mchuzi, akakisuuza, akakirudisha na kitambaa chake juu.

Basi mwenye jiko akatwanga iliki humo bila habari, akapika chai, akaipeleka sebuleni mwenyewe. Wageni wakaonja. Wakatazamana. Vikombe vikarudi mezani kimoja kimoja.

"Jamani mtusamehe!" wifi akadakia, kicheko kimemjaa. "Huyu wifi yangu hata maji akiyachemsha yanageuka mchuzi. Mama Kitunguu huyu!"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Mumewe naye akacheka, tena akajipiga paja, na hicho kicheko cha mume ndicho kilichomwingia mpaka kwenye mifupa.

Wageni walipoondoka alikinusa kinu, akaelewa. Alimfuata wifi yake akamwuliza, na mume yupo.

"Mimi?" wifi akang'aka. "Usinisingizie uchafu wako, mwanamke wewe!"

"Yaishe," mume akasema.

Hayakuisha. Kinu kile alikipasua kwa shoka akakitia motoni. Binti aliolewa salama, lakini jina liliganda. Sokoni Mama Kitunguu, msibani Mama Kitunguu, na wajukuu walipozaliwa wakamwita Bibi Kitunguu, hawajui wanachokisema. Yeye hakumgombeza mtu. Alisalimiana na wifi, akampelekea vitambaa amshonee, akamsifia mshono. Lakini kila siku alimwomba Mungu jambo moja tu: asife kabla mwanamke yule hajakiri mbele za watu kwa kinywa chake mwenyewe.

Wifi naye hakumpa nafasi ya kusahau. Kila alipopata chombo kipya alikileta kukionyesha. Kwanza kilikuja kibati kilichotobolewa kwa msumari, cha kukwangulia saumu, kikamchuna vidole mpaka akashindwa kushika sindano. Kikafuata kibanio cha chuma: unatia punje, unaminya, nusu inatoka na nusu inabaki kwenye matundu, unaichokoa kwa njiti.

"Wewe bado unatwanga tu, wifi?" alimcheka. "Utakufa na mchi mkononi!"

"Twende tu hivyo hivyo, wifi yangu," mwenzake alijibu, akatia chumvi kidogo kinuni ili punje zisiruke, akaendelea kutwanga. Wala hakuwa anaiona saumu mle kinuni. Alikuwa akimwona mtu.

Mwishowe ikaja blenda. Na ilikuja wakati mwana wa kiume wa wifi anataka kuoa, wazazi wa msichana wamealikwa chakula cha mchana. Wanawake wa ukoo wakajaa jikoni kwa wifi, mwenyewe kasimama katikati anagawa kazi.

"Saumu mpeni Mama Kitunguu, ndiyo jina lake," akasema, wenzake wakacheka. "Na kinu chako kiache huko huko. Saga kwenye blenda."

"Sawa. Ila juisi ya nanasi mtasagia wapi? Jagi si ndilo hili hili la plastiki?"

"Hilo hilo. Wewe saga, nitasuuza mwenyewe. Unanifundisha kazi jikoni kwangu?"

Mama Kitunguu akafumbua kinywa amwambie kwamba plastiki hunywa harufu kuliko hata mti. Akakifumba. Akamenya saumu zote, hakuacha hata punje. Akasaga, akaongeza, akasaga tena mpaka zikawa uji, akaziacha zitulie kwenye jagi huku akipangusa meza taratibu kama mtu asiye na haraka ya kitu chochote duniani.

Wifi akasuuza. Akasaga nanasi, akatia barafu, akapeleka mezani mwenyewe, mabega juu.

Mama wa msichana alikunywa funda moja, akashika kifua. Mumewe akakohoa. Kijana mwenyewe akatema kwenye leso.

"Ni huyu!" wifi akapiga kelele, kidole kimenyooka. "Huyu ndiye aliyesaga saumu! Kanifanyia makusudi!"

"Nimesaga, wifi. Ulinituma kwa kinywa chako na hawa wote wamesikia. Nikakuuliza juisi je, ukasema utasuuza." Alisimama, sauti haikupanda. "Mimi nina aliyenituma. Wewe ulipotwanga saumu kwenye kinu changu cha iliki, siku ya posa ya mwanangu, nani alikutuma?"

Wifi akamgeukia kaka yake, mume wa Mama Kitunguu, apate wa kumtetea. Kaka yake, mzee sasa, alikuwa ameishikilia glasi yake bila kunywa.

"Ulitwanga wewe?" akamwuliza.

"Kaka, si ulikuwa utani tu! Mambo ya zamani hayo..."

"Ulitwanga wewe?"

"Nilitwanga," wifi akasema chini chini.

"Sauti, wifi," Mama Kitunguu akasema. "Wageni hawajasikia."

"Nilitwanga mimi!"

Mume akainua uso. "Mke wangu..." akaanza.

Mama Kitunguu hakumtazama. Zamu ya huyo ilikuwa haijafika bado. Akavuta glasi ya juisi iliyokuwa mbele ya wifi, akainywa yote mpaka chini bila kupumua, akajifuta midomo kwa ncha ya khanga, akaisukuma glasi tupu kuelekea kwenye jagi.

"Niongeze, wifi," akasema. "Tamu hii."