Nilidhani Mama Amenuna

Masikio ya mama yalivimba, yakawa mekundu na ya moto, hata kulalia mto hawezi. Mimi, kwa kimbelembele changu, nikamshukia: "Ni hizo hereni zako za gulioni Mkuyuni! Si nilikwambia?" Nikazivua mwenyewe, nikaondoka nazo hadi kwangu Mwembesongo. Mjinga mimi! Hereni hukaa kwenye nyama ya chini, na hapo chini palikuwa pazima kabisa. Kilichovimba ni gegedu, ile sehemu ngumu ya juu. Macho ninayo, lakini sikutazama.

Sasa, kwetu Matombo mama akikasirika hapigi kelele. Anashusha sauti, anakujibu kwa mkato mpaka ujirudi. Nimelelewa hivyo. Kwa hiyo nilipompigia simu wiki iliyofuata, nikamwamkia, akaitikia "Marahaba" kwa sauti ya kukwaruza, ya chini mno, nikajua ni yaleyale: ananinunia kwa ajili ya hereni. Haya, nikasema moyoni, tuone nani atachoka. Wiki tatu sikupiga simu. Wiki tatu, jamani!

Mama mdogo ndiye aliyenitafuta. Nikamwambia amwache tu, ameninunia.

"Amekununia nini, wewe! Dada anakosa pumzi. Njoo."

Tulimshusha mjini kwa gari la kukodi, barabara ile mbovu, kila shimo anashika koo. Hospitalini daktari alianza kumgusa masikio, nusura nimfokee kwamba tumeleta koo, si masikio. Akanieleza taratibu: ni ugonjwa adimu, mwili unageuka na kushambulia gegedu zake wenyewe. Za masikio, za pua, na zile zinazoshikilia njia ya hewa isibonyee. Ile sauti ilikuwa dalili. Dawa zipo, akasema, zingesaidia zaidi kama tungewahi.

Siku mbili mama alinishika mkono. Siku ya tatu akafariki.

Wanawake waliokuja kumwosha waliniita nishike maji, mimi ndiye binti yake. Walipofika kwenye udhu, nikaambiwa nipanguse masikio. Yalikuwa laini, yanakunjika kidoleni kama kitambaa. Niliyapangusa polepole, nikainama, nikamnong'oneza: "Mama, nisamehe. Nilidhani umeninunia." Halafu mwoshaji akaniambia nisogee, wanataka kumgeuza upande wa pili.