Nyimbo Tatu za Kungojea Mashini

Leo niko Kasungami, nalima mihogo, na asubuhi nakohoa mbele ya kusalimia muntu. Banauliza kama ni tumbako. Sikuvuta hata siku moja. Ni shefu, mukubwa wa atelye ya umeme, karakana yetu, kule kwa kuyeyusha shaba, njo aliniachia hii kikohozi. Jina lake naliacha, cheo chake sikiachi.

Kwa tanuru kulikuwa ventilateri kubwa za kutoa moshi wa kiberiti. Zamani muntu alikuwa anaziwasha na mukono. Halafu bakaleta ka ordinateri, kompyuta kadogo, ndani ya kabati ya chuma, kakawa njo kanaziamuru. Kuran ya umeme ikikatika, hata mara moja tu, kalikuwa kanasahau yote. Kuran ikirudi, kanaanza kusoma kazi yake upya ndani ya diski, na mpaka kamalize, ventilateri hazizunguki.

Kwa masomo mimi nilifika mwaka wa ine wa primeri, basi. Kazi yangu ilikuwa kupangusa vumbi kwa ile kabati na kuiwasha asubuhi. Shemeki yangu, kaka ya bibi yangu, alikuwa kwa mulango wa tanuru, pale shaba inatoka. Shaba ikianza kumwagika hauiachi, hata moshi ukufunike.

Saa hatukuwa nazo. Tulikuwa tunapima na nyimbo. Kila asubuhi, mbele ya kazi, tulijipanga mistari tukaimbia Chama, kile kimoja cha inchi nzima, kuruka na kupiga makofi, shefu mbele yetu na abakosti yake, koti la bakubwa ba Chama. Mimi nilikuwa nawasha kabati wimbo wa kwanza ukianza. Wa tatu ukiisha, ventilateri zinavuma. Kwa hiyo bakubwa bote balijua mashini iko muzuri, ju kila siku banaikuta tayari.

Lakini kuran ikikatika katikati ya kazi, nyimbo hakuna. Iko moshi tu, urefu wa nyimbo tatu.

Kwa kupangusa, nikazoea kuangalia taa. Kabati ilikuwa na droo mbili za diski. Ya juu ilikuwa nzima. Ya chini ilikuwa tundu tupu na waya zinaning'inia, ju shefu aliing'oa akasema inaenda kutengenezwa, na halafu tukasikia iko inatumika kwa ofisi ya rafiki yake mujini. Kila kuran ikirudi, taa ya chini njo ilikuwa inawaka kwanza. Inawaka, inangoja, inazimika. Inawaka tena. Nyimbo mbili nzima mashini ilikuwa inaita droo yenye haiko. Halafu njo taa ya juu inawaka, na kazi inasomwa.

Nikamuambia fundi, muislamu mumoja mupole wa Maniema. Akachuchumaa, akaangalia mpaka mwisho. Akasema ndani kuna kiswichi kidogo chenye kinaambia mashini droo ziko ngapi; kukigeuza ni kazi ya kidole kimoja. Lakini inaomba karatasi yenye saini ya shefu, na kwa karatasi lazima iandikwe kama droo ya pili haiko.

Shefu alikataa. Alisema anaikuta tayari kila asubuhi. Tulirudi kwake mara tatu. Shemeki alikuwa ameanza kutema makohozi ya rangi ya majivu, na nyumbani Kampemba bibi yangu akaniuliza kitambaa changu cha kupangusa kinasaidia nini kule.

Siku moja shefu alileta wageni wa Chama kwa tanuru. Kuran ikakatika, ikarudi. Moshi ukashuka. Shefu akageuka aende. Hapo shemeki, mbele ya moto, akaanzisha wimbo wa asubuhi, ule wa kwanza. Bote tukaitika. Wimbo wa Chama ukiimbwa, hakuna mwenye anaondoka, na mwenye abakosti njo haondoki kabisa. Shefu akasimama. Akapiga makofi. Kwa wimbo wa pili machozi yalikuwa yanamushuka, na wageni banakohoa ndani ya leso. Wa tatu ulipoisha, ventilateri zikavuma.

Mugeni mumoja akauliza ju ya nini inakawia vile. Shemeki akamuita raia, kwa neno la Chama, akajibu pole pole, akihema:

"Sitwayeni, iko inangojea ndugu yake wa chini. Uliza shefu alimupeleka wapi."

Shefu akacheka, akasema hawa bantu banapenda mizaha. Lakini mbele ya siku kuisha karatasi ilikuwa na saini. Iliandikwa kama droo ya pili iliungua. Fundi akaingiza kidole, na toka siku ile mashini ikawa inaamka kwa wimbo mumoja. Asubuhi moja bakubwa balimusifu shefu mbele ya mistari kwa kuharakisha mashini. Tulimupigia makofi.

Kwa mapafu ya shemeki ilikuwa imechelewa. Hakumaliza mwaka wa pili toka siku ile.

Kwa kilio yake, kwa matanga, shefu alikuja, na abakosti. Akasimama kati ya bantu wa tanuru, akaanzisha wimbo wa Chama. Hakuna mwenye aliitika. Aliimba ubeti mumoja peke yake, halafu akakaa.