Mabango Yaliyopokelewa kwa Asante

Wifi yangu Verlene Dykstra haambiliki kuhusu Seneta Haverkamp. Mumewe alipokuwa mahututi hospitalini Sioux City, seneta alikuja bila waandishi wa habari, akashinda naye kutwa nzima. Tangu hapo kila uchaguzi Verlene ndiye mtu wake katika kaunti yetu: anagawa mabango ya kampeni ya kusimika mbele ya nyumba, anaoka pai, anagombana na mimi.

Mwaka huu nilimwambia, "Wifi, safari hii mtu wako kaumia."

Si aliunga mkono sheria ya bomba? Eti kampuni ipitishe gesi yake chafu katikati ya mahindi ya mtu, mwenye shamba akubali asikubali. Na bomba lenyewe linapita nyuma ya ghala letu, mimi na mume wangu Galen, kaka yake Verlene! Nilikasirika mpaka basi.

"Acha uzushi wako," akanijibu. "Mabango nimegawa yote, na hakuna aliyekataa hata mmoja."

Kweli hawakukataa. Ila mbona barabarani hayaonekani? Hilo lilimkera hata yeye. Jumamosi moja ya Oktoba akanipakia kwenye pikapu yake, tukaenda kuyatafuta.

Kwa mzee Tjaden tulikaribishwa kahawa na keki. "Bango lako lipo, mama, lipo salama kabisa," akasema, uso umemwiva. Tulilikuta limeziba dirisha la banda la kuku. Kwa akina Vander Ploeg lilikuwa chini ya trekta, linakinga oili. Na mchungaji wetu, jamani, mchungaji! Alikuwa amelificha stoo nyuma ya viti vya harusi. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Verlene hakucheka. "Sasa kwa nini hawakuniambia?" akawa anauliza njia nzima.

"Wakuambie vipi, na wewe umewajia na pai?"

Ndivyo tulivyo huku. Kumkatalia mtu usoni tunaona ni kumtukana.

Wiki iliyofuata seneta akapita kwa Verlene, nami nimo jikoni. Akavua kofia, akaketi. "Habari za huku, Verlene? Niko salama?"

Wifi akavuta kiti, akaketi mbele yake. "Hapana, Russell. Huku umekwisha. Ni lile bomba."

"Mbona kote ninakopita wananishika mkono, wananichekea?"

"Wanakuonea haya."

"Na wewe?"

"Kura yangu sikupi. Linapita kwa kaka yangu."

Loo! Tangu niolewe ukoo huu sijapata kumsikia akimwambia mtu hivyo. Seneta hakukasirika. Alimtazama tu, kama anayetaka kweli kuelewa.

"Lakini nilikuuliza, Verlene. Kabla sijaiunga mkono ile sheria nilikaa hapa hapa, nikakuuliza watu watasemaje. Ukanijibu, 'Wewe ndiye unayejua.'"

Wifi yangu akafunika uso kwa aproni.

"Nilikuonea haya," akasema, akaanza kulia.