Siku Mutua Alipopiga Goti Uani

Enzi zetu pale Bombolulu, ua mzima ulikuwa na televisheni moja, ya jirani yetu Mama Saumu, na televisheni hiyo ilikuwa na kaseti moja. Ilikuwa filamu ya mapenzi ya Waingereza wa zamani, nyeusi na nyeupe, ya kuchekesha ati, ingawa wenyewe hawakucheka hata mara moja. Mwanamume mwembamba mwenye mwavuli anamtaka binti mwenye kofia. Basi. Saa nzima na nusu wanakunywa chai na kulalamikia mvua. Watoto wa leo wakiletewa katuni waliyokwisha kuiona wanalia mpaka ibadilishwe. Sisi tuliitazama ileile kila Jumapili baada ya kanisa, tumebanana mkekani, vidole vinanukia viazi vya karai, na kila ikianza tulipiga makofi.

Mwenye kaseti, na mfasiri wetu, alikuwa Mutua, karani wa kiwandani kutoka Ukambani. Mwingereza aseme dakika tano, Mutua anatuambia, "Anasema anampenda." Akisema hivyo humtazama Shangazi Dama, dadake baba, nasi watoto hufinyana. Mwisho wa filamu yule mwembamba anapiga goti matopeni kumposa binti. Hapo Shangazi hakupepesa jicho. "Mimi wa kunioa aniombe hivyo hivyo," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Bibi yetu, mamake Shangazi, hakuwahi kuitazama. Aliipa televisheni mgongo, akachambua mchicha wake. "Watu gani hawa, wanaingia majumbani mwa wenzao bila hodi?"

Basi Jumamosi moja mchana, jua la kupasua kichwa, Mutua akaingia uani na suti nzito na mwavuli. Shangazi alikuwa akifua, povu mpaka kwenye viwiko. Mutua akamwendea moja kwa moja, akapiga goti kwenye maji ya sabuni.

Kwetu, mtu mzima akipiga magoti mbele ya watu, ana kosa analoombea msamaha. Bibi aliruka na ungo wake. "Njooni! Kijana wa watu amekosa!" Milango yote ikafunguka. Mama Saumu akatoka na mwiko: "Wallahi, nilijua tu!" Alichojua hatukuambiwa. Mzee wa chumba cha mwisho akaleta kiti chake, akakaa, tayari kuamua kesi.

Kila Mutua akifungua mdomo kueleza, Bibi anamkata. "Taja kosa lako. Ukilificha, ua huu usiukanyage tena!" Na hakuwa na mzaha, wachumba wawili walishatimuliwa kwa madogo kuliko hayo. Shangazi alikauka, shati la baba mkononi likichuruzika maji. Hata sisi watoto tuliacha kucheka, maana Mutua akienda, na kaseti imekwenda.

Mutua akatazama chini. "Mama, nimempenda Dama, na sikukuambia."

Bibi akaweka ungo chini. "Ehee. Sasa umesema." Akamgeukia bintiye. "Dama!"

"Abee, mama."

"Unamsamehe?"

"Namsamehe," akasema Shangazi, akatimka ndani na shati likivuja.

"Inuka," Bibi akamwambia Mutua. "Ukalete wazee wako." Mwezi haukuisha, wakaja.

Juzi binti yangu amechumbiwa hotelini kule Mkomani. Mataa, maua, wapiga picha wawili, na goti limewekwa juu ya zulia suruali isije ikachafuka. Akanitumia video. Nikaenda kuwaonyesha Shangazi na Mutua, ambaye siku hizi hata kuinama kufunga viatu anasaidiwa. Tukacheka sana. Shangazi akaitazama mara ya pili, akaniuliza, "Sasa nyinyi mlikuwa wapi?"

Nikamwambia hatukualikwa. Akanirudishia simu, nami moyo ukaniuma. Siku ile uani tulijaa watu kama ishirini, wala hakuna hata mmoja aliyealikwa.